Aikande Asema "Theluji"

Aikande alikuwa na miaka saba, na jino moja lililokuwa likitikisika.

Lilikuwa jino la mbele, la juu, upande wa kulia. Alipoligusa kwa ulimi, lilicheza. Tiki, tiki, tiki.

Shule zilikuwa zimefungwa. Aikande alikuwa amekuja mlimani kukaa na Shangazi Eliaichi.

Mlima huo ni Kilimanjaro. Kilele kilichokuwa karibu nao ni Mawenzi, chenye mawe marefu yaliyochongoka. Na nyumba yao iliitwa Kibanda cha Kunguru.

Kiliitwa hivyo kwa sababu ya kunguru mmoja mwenye shingo nyeupe. Kila asubuhi alitua juu ya paa la bati na kusema, "Kraa!"

Maana yake ilikuwa, "Leteni makombo!"

Shangazi Eliaichi alikuwa mtunzaji wa kibanda. Alitunza mlango, taa, mablanketi, na redio ya mawasiliano.

Na alipenda kila kitu kiitwe kwa jina lake.

"Niletee ule mwiko, Aikande."

"Hiki kijiko, Shangazi?"

"Kijiko ni cha kulia. Mwiko ni wa kupikia. Ukiniletea kijiko, nitaungua vidole."

Basi Aikande akaleta mwiko. Vidole vya Shangazi havikuungua.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuja mlimani kwa nguvu.

Kwanza ilinyesha mvua. Kisha ikaja baridi kali, na kila kilicholowa kikaganda. Ndoo ikaganda. Kamba ya nguo ikaganda. Paa la bati likang'aa kama kioo.

Kisha kitu cheupe kikaanza kuanguka kutoka mawinguni. Kilianguka mchana. Kilianguka usiku. Kilianguka tena mchana, na tena usiku.

Asubuhi ya tatu kikaacha kuanguka. Mjomba Lyaruu akafungua mlango.

Mjomba Lyaruu alikuwa mpishi wa kibanda. Hakuwa mjomba wa Aikande hasa, lakini alimwita Mjomba, naye aliitika.

"Loo!" akasema Mjomba Lyaruu. "Barafu kila mahali!"

"Hii siyo barafu," akasema Shangazi Eliaichi. "Hii ni theluji."

"Dada Eliaichi, nyeupe ni nyeupe na baridi ni baridi. Sisi sote tunasema barafu."

"Mnasema, lakini siyo. Aikande, njoo ushike."

Aikande akachota kile cheupe kwa mkono. Kilikuwa chepesi kama unga. Akakipuliza. Fuu, fuu, fuu! Kikaruka.

"Hiyo ni theluji," akasema Shangazi. Kisha akamwonyesha ndoo iliyoganda. "Sasa gonga hapa."

Aikande akagonga. Ko, ko, ko!

"Hiyo ni barafu," akasema Shangazi.

Wakaimba pamoja, mlangoni, huku pumzi zao zikitoka kama moshi:

*Theluji ni laini: fuu, fuu, fuu.*
*Barafu ni ngumu: ko, ko, ko.*

"Sasa sema peke yako," akasema Shangazi. "Hii ni nini?"

Lo! Hapo pakawa na kazi.

Ukitaka kusema "theluji," ni lazima ulimi uchungulie kati ya meno. Jaribu. Th... theluji.

Lakini ulimi wa Aikande ulipochungulia, uligusa lile jino. Tiki! Likauma.

Basi Aikande akauficha ulimi wake ndani, na akasema, "Se... seluji."

"Seluji!" akacheka Mjomba Lyaruu. "Seluji ni nini? Ni samaki au ni mboga? Nikupikie seluji, kibogoyo wangu?"

"Mimi si kibogoyo!" akasema Aikande. "Jino langu bado lipo!"

"Lete uzi. Nalifunga hapa, naufunga kwenye mlango, naubamiza mlango, pwaa! Kazi imekwisha."

"Sitaki! Baba ndiye atakayeling'oa. Ameniahidi."

Na kweli Baba alikuwa ameahidi.

Baba yake Aikande aliitwa Nderingo. Alikuwa fundi wa njia. Alipanga mawe, akafunga kamba, ili watu wapande na kushuka salama.

Siku tatu zilizopita alikuwa amepanda juu pamoja na wapagazi wawili. Huko mlimani wapagazi huitwa wagumu.

Kabla ya kuondoka, Baba alivaa viatu vyake vikubwa. Chini ya viatu akafunga meno ya chuma, ya kushika barafu.

"Angalia, mama," alimwambia binti yake. "Meno haya hayatikisiki. Lako litunze. Nikirudi nitaling'oa mimi, taratibu, kisha tutalirusha juu ya paa."

Kwao, jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya paa, ili jipya lije upesi.

"Usichelewe, Baba," alisema Aikande.

"Sichelewi."

Tangu Mjomba Lyaruu alipocheka, Aikande hakujaribu tena kusema theluji. Hakusema seluji pia. Alisema barafu, kama watu wote.

Neno barafu haliumi jino.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo, Shangazi Eliaichi alikuwa nje, nyuma ya kibanda, akisafisha njia ya kwenda kisimani kwa koleo. Redio ikalia mezani.

Krrr! Krrr!

"Kibanda cha Kunguru, Kibanda cha Kunguru. Mnanipata?"

"Baba!" akapiga kelele Aikande.

Mjomba Lyaruu akashika redio. Akabonyeza kitufe. "Tunakupata, Kaka Nderingo! Mko wazima huko?"

"Wazima kabisa. Tunashuka sasa. Huku juu upepo umeacha mawe matupu, lakini kuna ukungu, sioni chini. Mama, Aikande, upo?"

"Nipo, Baba!"

"Chungulia dirishani uniangalilie. Korongo la Kijiko lina nini leo?"

Korongo ni bonde jembamba lenye kuta za mawe. Korongo la Kijiko lilikuwa jembamba juu na pana chini, kama kijiko kilichosimamishwa. Kupita humo kulikuwa njia ya mkato.

Aikande akachungulia. Korongo lote lilikuwa jeupe. Jeupe na laini na limevimba, kama mto wa kulalia.

Aikande alilijua jina lake. Alilijua kabisa.

Akafungua mdomo. Ulimi ukagusa jino. Tiki! Na Mjomba Lyaruu alikuwa hapo hapo, tayari kucheka.

"Barafu," akasema Aikande.

"Barafu tu, kaka!" akaongeza Mjomba Lyaruu. "Kama siku zote!"

"Barafu ni sawa," akasema Baba. "Tuna meno ya chuma. Basi tutapita korongoni. Nazima redio, betri imebaki kidogo. Nitaifungua tena kwenye Jiwe la Kofia, kabla hatujaingia. Mama, jino lipo?"

"Lipo, Baba!"

"Nitaling'oa kabla ya chakula cha mchana."

Krrr. Kimya.

Aikande akaruka kwa furaha. Kisha akachungulia tena dirishani. Alikuwa amekiita kile cheupe kwa jina ambalo si lake.

Mjomba Lyaruu akachukua sufuria kubwa. "Naenda kuchota barafu niyeyushe ya chai," akasema.

Akatoka. Akasimama chini ya ukingo wa paa. Akainama.

Na kunguru mwenye shingo nyeupe akaja.

Hakuja kwa kishindo. Alitua tu juu ya paa, kwa miguu yake miwili myembamba. "Kraa!" akasema.

Na paa likasema, shwaaa...

Shwaaaaaaa...

PUU!

Theluji yote ya paa iliteleza kwa mara moja. Yote! Ikamwangukia Mjomba Lyaruu.

Sufuria haikuonekana. Mjomba Lyaruu naye hakuonekana. Ilionekana kofia yake tu, na mkono mmoja.

"Mjomba!" Aikande akakimbia akachimba kwa mikono. Shangazi akaja na koleo. Wakachimba, wakachimba, mpaka uso ukatokea, mweupe kama andazi lililopakwa unga.

"Nani..." akasema Mjomba Lyaruu, akitema. "Nani amenimwagia?"

"Kunguru," akasema Aikande.

"Kunguru mmoja?"

"Mmoja tu."

"Kraa!" akasema kunguru, na akaondoka zake.

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Mjomba Lyaruu naye akacheka, maana alikuwa mzima, na sufuria ilikuwa imejaa.

Aikande hakucheka. Aikande alikuwa akilitazama paa.

Paa lilikuwa liking'aa kama kioo. Akachukua mwiko, akapanda juu ya kigoda, akagonga ukingo wa bati.

Ko, ko, ko!

Akalitazama lile rundo lililokuwa chini. Akachota kidogo. Akapuliza.

Fuu, fuu, fuu!

Chini, barafu. Juu yake, theluji. Na kunguru mmoja.

Polepole Aikande akageuka. Akalitazama Korongo la Kijiko. Jeupe. Laini. Limevimba. Na lina mteremko mkali kuliko paa lolote.

"Shangazi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama kunguru mmoja anaweza kuangusha theluji ya paa... je, watu watatu?"

Lakini jino lilikuwa bado linauma, kwa hiyo alisema seluji.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Shangazi Eliaichi akaacha koleo. "Baba yako anapita wapi?"

"Korongoni. Aliuliza kuna nini, nikamwambia barafu. Mimi ndiye niliyesema."

"Na mimi nikaongeza," akasema Mjomba Lyaruu, akijikung'uta shingo. "Nikasema barafu tu. Ee, mdomo wangu huu!"

Shangazi akachukua darubini. Akalitazama korongo, juu mpaka chini, chini mpaka juu.

"Chini yake kuna barafu ya zamani, iko pale miaka yote," akasema. "Meno ya chuma hushika hiyo. Lakini juu yake kuna theluji mpya, imefika kiunoni. Hiyo haijashikana na kitu. Imelala tu."

"Kama juu ya paa," akasema Aikande.

"Kama juu ya paa."

Wakakimbilia redio. Shangazi akabonyeza. "Nderingo! Nderingo! Unanipata?"

Krrr. Kimya.

"Ameizima," akasema Aikande. "Ataifungua kwenye Jiwe la Kofia."

"Basi tutamngoja kwenye Jiwe la Kofia," akasema Shangazi. Akavuta viti vitatu. Akaweka redio katikati ya meza.

Wakakaa. Wakangoja.

Mshale wa saa ukatembea. Ta, ta, ta.

Chai ikachemka. Hakuna aliyekunywa.

"Ni kosa langu," akasema Aikande.

Shangazi akamshika bega. "Wewe ndiye uliyesema," akasema. "Basi wewe ndiye utakayesema upya. Unakumbuka wimbo wetu?"

Aikande akakumbuka. Wakaimba kwa sauti ya chini, hata Mjomba Lyaruu:

*Theluji ni laini: fuu, fuu, fuu.*
*Barafu ni ngumu: ko, ko, ko.*

Na Aikande akaongeza mstari wake mwenyewe:

*Na moja juu ya nyingine: shwaaa! Puu!*

Saa sita kamili, redio ikalia.

Krrr! Krrr! "Kibanda... Kunguru... Jiwe la Kofia..."

"Nderingo!" akasema Shangazi haraka. "Msiingie korongoni! Unanipata? Msiingie!"

Krrr! "Dada... sikupati... kelele nyingi... Tunaingia sasa..."

"Msiingie!"

Krrr! "Sikupati... rudia..."

Shangazi akampa Aikande redio. "Sema wewe. Sauti yako ni nyembamba, itapenya."

Redio ilikuwa nzito na baridi. Aikande akaishika kwa mikono miwili. Akabonyeza kitufe.

"Baba! Siyo barafu!"

Krrr! "Mama? Nakupata wewe. Siyo barafu? Ni nini?"

"Ni seluji!"

"Ni nini?"

"Seluji!"

Krrr! "Suruali?" akasema Baba. "Korongoni kuna suruali?"

Kwa mbali, nyuma ya sauti ya Baba, wagumu wawili wakasikika wakicheka. "Labda ni ya kwangu!" akasema mmoja. "Nzima au imechanika?" akasema mwingine.

Krrr! "Mama, betri inakwisha. Tunakuja, utanionyesha hiyo suruali."

Aikande akawatazama Shangazi na Mjomba Lyaruu. Mjomba Lyaruu hakucheka hata kidogo. Alikuwa amekunja ngumi zote mbili.

"Litaje, binti," akasema kwa kunong'ona. "Litaje jina lake."

Aikande akavuta pumzi.

Akautoa ulimi. Ukachungulia kati ya meno. Ukaligusa jino, nalo likauma. Aikande hakuurudisha. Akausukuma.

"THELUJI!"

Tik!

Kitu kidogo cheupe kikaruka kutoka mdomoni mwake. Kikagonga meza. Kikabingirika mpaka kwenye kikombe cha chai.

"Theluji, Baba! Theluji juu ya barafu! Ni kama paa! Imemfunika Mjomba Lyaruu! Kunguru mmoja tu, Baba! Theluji, theluji, theluji!"

Krrr.

Kimya.

Krrr.

"Nimekupata, mama." Sauti ya Baba sasa ilikuwa taratibu, na wagumu hawakuwa wakicheka tena. "Theluji juu ya barafu. Hatuingii. Tunarudi nyuma na kuzunguka kwa njia ndefu ya Mgongo wa Punda. Tutafika jioni. Umesikia? Hatuingii."

"Nimesikia, Baba."

Krrr. Na betri ikaisha.

Shangazi Eliaichi akakaa chini. Mjomba Lyaruu akajipangusa uso kwa aproni.

Aikande akaliokota jino. Lilikuwa dogo sana kiganjani.

"Baba ndiye aliyekuwa aling'oe," akasema.

"Ni yeye aliyeling'oa," akasema Shangazi. "Limeng'oka ulipomwita."

Aikande akafikiri. Akaona ni kweli. Akanywa chai.

Saa saba jua likatoka. Mlima wote ukang'aa. Watu watatu wa kibanda walisimama dirishani, wakitazama.

Juu kabisa, kwenye Mgongo wa Punda, waliona nukta tatu nyeusi zikitembea taratibu. Moja, mbili, tatu.

Na juu ya Korongo la Kijiko, jiwe likaanguka kutoka kwenye ukuta. Jiwe dogo tu. Dogo kama chungwa.

Likagusa theluji.

Shwaaa...

Shwaaaaaaaa...

Korongo lote likaondoka. Theluji ilishuka kama maziwa yanayofurika sufuriani, ikainua wingu jeupe, ikanguruma. Vioo vya dirisha vikatetemeka.

PUUUUU!

Kisha kimya. Korongo la Kijiko lilikuwa tupu. Chini yake barafu ya zamani ilikuwa iking'aa kwa rangi ya samawati.

Kibanda kilikuwa mbali, juu ya kilima chake, na hakuna kilichokigusa.

Aikande akazihesabu nukta za Mgongo wa Punda.

"Moja," akasema. "Mbili."

Wingu jeupe likapita.

"Tatu."

Zilikuwa zimesimama. Kisha nukta ya mbele ikainua mkono. Ikaupunga. Aikande naye akaupunga wake, ingawa alijua Baba hawezi kumwona kutoka kule.

"Basi," akasema Mjomba Lyaruu. "Mimi napika mtori laini wa ndizi. Mwingi. Wagumu wana njaa, na kibogoyo hawezi kutafuna nyama."

"Mimi si..." akaanza Aikande. Kisha akagusa pengo lake. "Ndiyo, mimi ni kibogoyo."

"Na leo ni jina zuri," akasema Mjomba Lyaruu. "Sema tena lile neno."

"Theluji."

"Sasa mimi. Th... th... theluji. Kumbe! Linatekenya ulimi."

Saa kumi na mbili jioni viatu vizito vikasikika nje. Kra, kra, kra. Wagumu wawili wakaingia kwanza, wakinusa mtori.

"Suruali yangu iko wapi?" akauliza wa kwanza.

Kisha akaingia Baba.

Alipiga magoti, meno ya chuma yakiwa bado viatuni, akafungua mikono. Aikande akajitupa kifuani pake. Koti lake lilikuwa baridi, na shingo yake ilikuwa na joto.

"Nimechelewa," akasema Baba.

"Umechelewa vizuri," akasema Aikande.

"Nionyeshe hilo jino."

Aikande akafungua kiganja. Kisha akafungua mdomo. Baba akalitazama jino, akalitazama na pengo, kwa muda mrefu.

"Twende paani," akasema.

Wote wakatoka nje. Nyota ya kwanza ilikuwa imeonekana juu ya Mawenzi. Aikande akarudi nyuma hatua tatu. Akarusha jino kwa nguvu zake zote.

Likatua juu ya bati. Ko!

Likateleza.

Shwaaa...

Tik! Likaanguka mbele ya kiatu cha Baba.

Wote wakalitazama.

Aikande akalirusha tena. Ko! Shwaaa... Tik!

"Mama," akasema Baba kwa upole, "hili paa lina nini leo?"

Aikande akacheka mpaka pengo lote likaonekana. "Barafu, Baba! Barafu tu!"

"Una hakika?"

"Nimeigonga mwenyewe. Theluji yote ameichukua Mjomba Lyaruu."

"Basi tungoje," akasema Baba. "Kesho jua litayeyusha. Saa nne bati litakuwa kavu, na jino litakaa."

Wakala mtori mpaka sufuria ikawa nyepesi. Wagumu wakalala. Mjomba Lyaruu akalala na kofia yake.

Shangazi Eliaichi akaweka jino ndani ya kikombe kidogo, pale dirishani. Kando yake akaweka mwiko.

"Kijiko hiki ni cha nini?" akauliza Baba.

"Ni mwiko," wakasema Aikande na Shangazi pamoja.

Baba akamfunika Aikande kwa mablanketi mawili. Akaketi kando ya kitanda, na kiatu kimoja bado mguuni.

Nje, kitu kikaanza tena kuanguka, taratibu, bila kishindo, juu ya paa la bati.

Fuu, fuu, fuu.

"Ni nini hicho?" akanong'ona Baba.

Macho ya Aikande yalikuwa yameshafumba. Lakini ulimi ukaja mbele, ukachungulia kwenye pengo jipya, kama mtu anayechungulia dirishani.

Hakuna kilichouma.

"Theluji," akasema Aikande.

Na akalala.